Senta kijana aanze mtoano au asubiri benchi? Swali lililopita kwa Hasheem Thabeet

Wadau wa kikapu, kila mwaka ikifika Aprili na NBA ikaingia hatua ya mtoano, kuna swali linarudi kama msimu wa embe. Timu ina kijana mrefu wa miaka 19, 20 au 22. Anaruka, anazuia mitupo na mashabiki wanampenda. Tatizo bado anajifunza. Anacheza faulo za kitoto, anachelewa kugeuka, mpira unamponyoka mikononi. Je, kocha amwanzishe, au ampe nafasi mzee ambaye magoti yamechoka lakini kichwa kinaijua kazi?

Hapa Tanzania swali hili lina jina la mtu. Linaitwa Hasheem Thabeet. Nimelibishania kijiweni na nimelibishania chumba cha habari, na kila mara watu wanagawanyika pande mbili zile zile. Upande mmoja unasema "kijana wetu alibaniwa". Upande wa pili unasema "alikuwa mzigo, wangemfanyaje?" Mimi naona pande zote mbili zinaanzia hadithi mwishoni. Wanaitazama Aprili, wakati swali lenyewe hujibiwa tangu Novemba, msimu unapoanza. Ngoja niwapitishe kwenye historia kidogo mtaona ninachomaanisha.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu neno "kuanza". Mechi ya NBA ni dakika 48, na mchezaji akifikisha faulo 6 anatoka. Anayeanza anacheza dakika sita au saba za mwanzo, basi. Baada ya hapo kocha anapanga anavyotaka. Kuna wachezaji wanaoanza na kuna wachezaji wanaomaliza, na mara nyingi si watu walewale. Shabiki anahesabu jina likitangazwa kwenye spika. Kocha anahesabu nani atakuwa uwanjani zikibaki dakika nne na tofauti ni pointi mbili.

Wanaosema "mwanzishe tu, atajifunza humo humo" wana mtakatifu wao: Bill Russell. Russell aliingia Boston Celtics Desemba 1956, akitokea kwenye Olimpiki ya Melbourne. Miezi minne baadaye, tarehe 13 Aprili 1957, alikuwa kwenye mechi ya saba ya fainali dhidi ya St. Louis Hawks. Ilikwenda muda wa nyongeza mara mbili. Boston wakashinda 125 kwa 123, na Russell, akiwa msimu wake wa kwanza, akapata pointi 19 na rebaundi 32. Ukisoma hivyo unasema basi, kesi imekwisha.

Haijakwisha. Russell alikuwa na miaka 23 na alikuwa ameshabeba ubingwa wa vyuo vikuu mara mbili, 1955 na 1956, akiwa na Chuo Kikuu cha San Francisco. Alikuwa mgeni wa ligi, ila kazi yake aliijua kuliko wenyeji. Mgeni na mwanafunzi ni watu wawili tofauti, na sisi tunawachanganya kila siku.

Sasa nenda upande wa pili. Mwaka 2003 Detroit Pistons walimchagua Darko Miličić wa Serbia akiwa namba 2 kwenye drafti, yaani lile zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya. Mbele yake alikuwa LeBron James peke yake. Nyuma yake walikuwepo Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Darko alikuwa na miaka 18. Kocha Larry Brown alikuwa na timu ya watu wazima, Ben Wallace, baadaye na Rasheed Wallace, na akamweka kijana benchi karibu msimu mzima. Juni 2004 Detroit wakaipiga Los Angeles Lakers 4-1 na kuchukua ubingwa.

Kwa hiyo Brown alikosea? Kwa ubingwa, hapana. Kombe lipo. Lakini Darko alipata pete ya ubingwa bila kupata ufundi. Februari 2006 aliuzwa Orlando, na hakuwahi kuwa yule mchezaji aliyetarajiwa. Hapo tunapata somo la kwanza: timu inaweza kufanya uamuzi sahihi wa Aprili na bado ikawa imemharibu mtu kuanzia Novemba.

Msikimbilie kusema benchi ndilo linaloua. Jermaine O'Neal aliingia Portland mwaka 1996 akiwa na miaka 17, moja kwa moja kutoka sekondari. Alikaa misimu minne nyuma ya wazee kama Arvydas Sabonis na Rasheed Wallace. Mwaka 2000 akaenda Indiana, akapewa kazi, na akawa mchezaji wa mechi ya nyota mara sita. Kwa hiyo benchi halimuui kila mtu. Kinachoua ni kukaa benchi pasipo mtu anayekuandaa kwa lolote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Andrew Bynum, kwa sababu pale kocha alijibu swali letu kwa vitendo, tena kwa akili. Lakers walimchukua mwaka 2005 akiwa namba 10, na aliposhuka uwanjani ndiye aliyekuwa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza NBA, miaka 18 na siku chache. Wakamtafutia mwalimu wa kazi ya senta: Kareem Abdul-Jabbar mwenyewe. Misimu miwili ya kwanza akapewa dakika kidogo kidogo. Msimu wa tatu akaanza kuiva. Halafu Januari 2008, kwenye mechi na Memphis Grizzlies, goti likateguka.

Shikeni hapo kwenye Memphis, tutarudi. Lakers, senta wao akiwa nje, walihitaji mtu mrefu haraka. Tarehe 1 Februari 2008 wakamchukua Pau Gasol kutoka Memphis hiyo hiyo. Memphis wakapewa vitu kadhaa, kimojawapo haki za mdogo wake Pau, kijana mnene kiasi aliyekuwa akicheza Hispania, aliyechaguliwa namba 48 mwaka 2007. Watu wengi Marekani walicheka wakisema Memphis wameibiwa. Kijana huyo anaitwa Marc Gasol.

Turudi kwa Bynum. Mwisho wa Januari 2009 akaumia goti jingine, tena mjini Memphis, akarudi Aprili wiki moja hivi kabla ya mtoano. Ana miaka 21, hana pumzi, hana kasi. Kocha Phil Jackson anaye pia Lamar Odom, mtu mzima, anayejua kila kitu. Ungekuwa wewe ungemwanzisha nani?

Jackson alimwanzisha Bynum mechi nyingi. Lakini angalia dakika. Bynum alicheza wastani wa dakika kama 17, Odom aliyetokea benchi alicheza kama 32. Bynum alikuwa anaanza, Odom alikuwa anamaliza. Na mechi zilipobadilika, Jackson naye alibadilika. Kwenye raundi ya pili Houston walimpoteza Yao Ming, aliyevunjika mguu, wakamweka katikati Chuck Hayes, mtu wa mita 1.98 tu. Sasa jitu refu na zito kama Bynum utalipeleka wapi dhidi ya kikosi kinachokimbia? Kwa nyakati fulani Odom alianza, kisha Bynum akarudishwa. Walipofika fainali na Orlando, mbele yao akawa Dwight Howard, mwenye nguvu za trekta. Hapo Bynum akawa na kazi maalumu: kupokea vishindo vya kwanza na kula faulo za mwanzo ili Pau Gasol asizipate yeye. Lakers wakashinda 4-1.

Nataka tuielewe hesabu hiyo, maana ndiyo kiini cha jambo. Faulo 6 za kijana ni bei rahisi. Faulo 6 za nyota wako ni bei ghali. Kumwanzisha kijana dhidi ya senta mwenye nguvu ni kama kutuma dalali mbele akavunje bei, tajiri aje baadaye. Kijana anajua anaingia kufanya mambo mawili tu, kusukumana na kudaka rebaundi, na akitolewa dakika ya saba haoni aibu kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Mwaka uliofuata Bynum alianza mtoano wote, safari hii akiwa amechanika goti, na Lakers wakawapiga Boston mechi ya saba, 83 kwa 79. Siku hiyo Boston walimkosa senta wao Kendrick Perkins, aliyeumia goti mechi ya sita. Jina hilo nalo liwekeni akiba.

Sasa twende Memphis tukamkute ndugu yetu.

Juni 2009, Memphis wakiwa wametoka kumuuza Darko (ndiyo, Darko yule yule, alikuwa amefikia huko), walimchagua Hasheem Thabeet akiwa namba 2. Mtanzania wa kwanza NBA. Mita 2.21. Mbele yake Blake Griffin, nyuma yake James Harden, na namba 7 Stephen Curry. Thabeet alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako alitangazwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mwaka 2008 na 2009 na kufika nusu fainali ya taifa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka watu ambao hawakuwahi kuushika mpira wa kikapu wakilitaja jina lake.

Lakini tuangalie kazi aliyokwenda kufanya. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15. Hiyo maana yake ni kwamba alipoingia NBA akiwa na miaka 22, alikuwa na umri wa Russell na mazoea ya mtoto. Alijua kuzuia mitupo. Mengine yote, kusogeza miguu, kudaka pasi kwenye msongamano, kujua lini uache kuruka, bado. Na mbele yake kwenye namba yake alikuwepo nani? Marc Gasol. Yule yule wa "Memphis wameibiwa". Goti la Bynum liliteguka kwenye mechi na Memphis, likazaa biashara ya Pau, biashara ikamleta Marc, na Marc akakaa juu ya kiti alichokuja kukitafuta Thabeet. Historia ina utani wake.

Msimu wa kwanza Thabeet alicheza mechi 68, akaanza 13, wastani wa dakika 13 na pointi 3.1. Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya maendeleo. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko kabla yake. Hapa nyumbani tuliipokea kama matusi. Leo nikiitazama naiona vingine: kupelekwa huko lilikuwa wazo zuri lililotekelezwa kwa uvivu. Kijana aliyechelewa kuanza anahitaji mechi, tena nyingi, na kule zilikuwepo. Alichopewa ni wiki chache, kisha akarudishwa kukaa. Msimu wa pili dakika zikapungua zaidi.

Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya biashara, Memphis wakampeleka Houston pamoja na haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza, wakamrudisha Shane Battier, mtu mzima asiye na maajabu ila asiyekosea. Wiki saba na kitu baadaye, 17 Aprili 2011, Memphis waliingia mtoano na San Antonio Spurs. Klabu hiyo katika maisha yake yote ilikuwa imecheza mechi 12 za mtoano na kupoteza zote 12. Zikiwa zimebaki sekunde kama 24, mpira ukamfikia Battier. Akatupa pointi tatu. Ikaingia. Memphis 101, Spurs 98. Ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia yao umeletwa na mtu waliyempata kwa kumtoa Thabeet. Wakaendelea, wakawatoa Spurs 4-2, timu ya nane ikiitoa ya kwanza.

Inauma, najua. Lakini uamuzi ule wa Memphis ulikuwa sahihi kwa Aprili. Ubaya ulikuwa umeshafanyika kwenye ile miezi yote ya nyuma.

Kama huamini, mtazame kijana mwingine wa Afrika wa miaka hiyo hiyo. Serge Ibaka wa Congo Brazzaville alichaguliwa mwaka 2008, namba 24, na timu ambayo muda mfupi baadaye ilihamia Oklahoma City. Hawakumkimbiza. Wakamwacha Hispania mwaka mzima acheze. Msimu wa 2009-10 akaja, akatokea benchi, lakini akicheza. Aprili 2010, akiwa na miaka 20, aliingia kutoka benchi dhidi ya Lakers, wale wale wa Bynum na Pau, akazuia mitupo 7 kwenye mechi moja. Na bado kocha Scott Brooks hakumfanya wa kuanza. Alisubiri hadi Februari 2011, tarehe 24 hiyo hiyo aliyouzwa Thabeet, Oklahoma walipomtoa Jeff Green kwenda Boston na kumpata Kendrick Perkins. Nafasi ikawa wazi, Ibaka akaingia, pembeni yake akiwa na mzee aliyekwisha kuwa bingwa. Mtoano ulipofika alianza, na mechi ya tano na Denver alizuia mitupo 9. Mwaka 2012, mechi ya nne ya fainali ya Kanda ya Magharibi, alitupa mara 11 na zote 11 zikaingia. Oklahoma wakafika fainali.

Ibaka alikuwa mdogo kuliko Thabeet kwa zaidi ya miaka miwili, na drafti ilimweka mbali sana chini yake. Kilichomsaidia ni kupanda ngazi moja moja. Thabeet alipandishwa ghorofani kwa lifti, kisha akaambiwa ashuke kwa miguu.

Halafu ikatokea jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angeambiwa amezidisha. Mwaka 2012, baada ya kupita Houston na Portland, Thabeet alisaini Oklahoma City. Akacheza mechi 66 za msimu huo nyuma ya Perkins. Mwaka 2013 timu ikawa ya kwanza Magharibi, ushindi 60. Raundi ya kwanza Russell Westbrook akaumia goti. Raundi ya pili wakakutana na nani? Memphis. Marc Gasol, mlinzi bora wa ligi mwaka huo, na Zach Randolph. Perkins alianza mechi zote 11 za mtoano huo na wastani wake ulikuwa pointi 2.2. Thabeet alipata dakika chache sana, na hakuanza hata moja. Oklahoma wakafungwa 4-1.

Hapa ndipo ubishi wa vijiweni huwa mkali: si angemwanzisha tu Thabeet, angefanya vibaya kuliko hapo? Jibu langu ni kwamba kumwanzisha, hapana. Kumpa dakika kumi za maana, ndiyo. Gasol alikuwa senta anayesimama mbali na goli, anatoa pasi, anatupa kutoka katikati. Angemvuta Thabeet nje, mbali na kitu pekee anachokiweza, kulinda pete. Na kazi hiyo hakuwa amefundishwa kuifanya Oktoba, Desemba wala Februari. Kumtupia siku ya mtihani ingekuwa kumdhalilisha, na sisi tungekuwa wa kwanza kumcheka. Lakini kocha ambaye Perkins wake hafungi, hadaki, na bado anaanza kila usiku kwa sababu tu ni mzee, naye ana lawama zake. Uzoefu usiofanya kazi ni historia tu.

Angalia mwaka uliofuata. Oklahoma hao hao walimleta Steven Adams wa New Zealand, miaka 20. Perkins akaendelea kuanza, Adams akatokea benchi hadi fainali ya Kanda mwaka 2014, akipewa dakika kweli kweli. Msimu wa pili akawa wa kuanza. Mwaka 2016 alianza mtoano wakaitoa Spurs 4-2, na wakawa mbele ya Golden State 3-1 kabla ya kugeuziwa. Njia ni ile ile ya Ibaka. Klabu ilikuwa imejifunza. Thabeet, aliyeondoka 2014 na baadaye kucheza hadi Japan na Taiwan, alipita katikati ya darasa hilo akiwa ameshaitwa mwanafunzi wa zamani.

Basi msimamo wangu ni huu. Senta kijana aanze mtoano kama mambo matatu yapo. Moja, kazi yake iwe fupi kiasi cha kusemeka kwa sentensi moja. Pili, awe na mzee pembeni yake wa kuyafunika makosa. Tatu, na hili ndilo kubwa, awe ameshakosea sana msimu mzima, mbele ya watu, na hajanyang'anywa dakika zake kwa sababu hiyo. Bynum alikuwa na yote matatu. Ibaka pia. Russell hakuyahitaji. Thabeet hakupewa hata moja, na kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 ndiye aliyeyahitaji kuliko wote.

Ndiyo maana sikubaliani na "alibaniwa", na sikubaliani na "mzigo". Na nalisema hili kwa makocha wetu wa hapa nyumbani pia, maana vijana warefu bado wanazaliwa. Tukimwona mmoja ana mita mbili na kitu, tunamvalisha jezi, tunamsimamisha chini ya goli na kusubiri miujiza, kisha siku ya fainali tunagombana kama aanze au asianze. Siku hiyo tumeshachelewa. Swali la kumuuliza kocha ni moja: tangu msimu uanze, huyu kijana amecheza dakika ngapi, na nani amekuwa akibaki naye mazoezini wenzake wakishaondoka?